Kioo Hakijui Kama Gari ni la Stima

Gari la stima likigoma kupandisha kioo hapa Isiolo, kila mtu mjini ana ushauri, na ushauri wote unaishia Nairobi. Peleka Nairobi. Tafuta mtu wa kompyuta Nairobi. Kilomita kama 270 juu ya brekidauni, kupitia Nanyuki, kwa ajili ya kioo cha mlango wa kushoto! Kwa pesa hizo unapata mbuzi na chenji ya kununulia pazia.

Kioo chenyewe hakina habari gari linasukumwa na nini. Ndani ya mlango wa Nissan Leaf mna mota ndogo ya volti 12, kebo nyembamba ya chuma, reli na swichi, vitu vile vile vilivyomo mlangoni mwa Probox inayoshuka na miraa kutoka Maua. Naitaja Leaf kwa sababu ni gari la stima la mtumba ambalo Mkenya hulikuta kirahisi: ilianza kuuzwa Desemba 2010, na teksi za Nopea Ride ziliyazoesha macho ya Nairobi kuiona kuanzia 2018 hadi kampuni hiyo ilipofunga 2022. Fundi wako wa waya wa hapa Isiolo ana kila kinachohitajika kuitengeneza, isipokuwa ujasiri. Tumpe. Wahalifu ni hawa, kuanzia wa nane hadi kinara wao.

8. Mtoto

Vioo vya abiria vyote vimekufa, cha dereva kinapanda na kushuka kama kawaida. Kabla hujamwita mtu, tazama mlango wa dereva. Kando ya swichi pana kitufe chenye picha ya dirisha, na kazi yake ni kuwanyima abiria mamlaka. Aliyekibonyeza ana miaka minne na jana alikalishwa mbele. Matengenezo: kibonyeze tena. Gharama: fedheha, na hiyo hailipwi kwa M-Pesa.

7. Ukimya

"Warya, washa gari kwanza."

"Limewaka, fundi."

"Mbona silisikii?"

"Ndivyo lilivyo."

"Na kioo nacho kimekaa kimya ndivyo kilivyo?"

Kweli, halikuwa limewaka. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia bila kukanyaga breki, unapewa redio na matumaini. Kanyaga breki, bonyeza, kisha tafuta kwenye dashibodi ile taa ya kijani yenye umbo la gari na mishale. Hiyo ndiyo inayokwambia gari liko tayari, kwa sababu mngurumo hautakuja hata ungoje hadi magharibi. Usitegemee skrini pia: gari likitoka Japani moja kwa moja, skrini itakueleza kila kitu kwa Kijapani, kwa adabu sana.

Jambo jingine: ukishazima, vioo hubaki hai kwa sekunde chache tu, na ukifungua mlango wa mbele vinakufa papo hapo. Anayeshuka kwanza ndipo akumbuke kioo hana gari bovu. Ana haraka.

6. Fyuzi

Imekatika? Weka nyingine ya ampea zile zile. Ikikatika tena hapo hapo, basi haikuwa na kosa, ilikuwa shahidi; endelea na namba tatu na mbili. Anayeiziba kwa ile karatasi ya kung'aa ya paketi ya sigara ndiye atakayekuja kuwaambia watu mwakani kwamba magari ya stima yanalipuka.

5. Vumbi, na jamaa yake garaba

Barabara ya Moyale ina lami safi. Kata kuelekea Merti uone. Wala usijaribu kwenda huko na Leaf yenye betri ya zamani, lakini usijali, vumbi la Merti litakuja lenyewe. Upepo wa Kaskazini si wa mchezo. Huko Marsabit unazungusha mitambo 365 ya Ziwa Turkana na kutoa megawati 310, na hapa Isiolo unakujazia mchanga laini kwenye raba ya dirisha. Kwa hiyo upepo uliosaidia kukuchajia gari ndio huo huo unaokubania kioo. Ukitaka kulalamika, lalamika mara moja kwa yote mawili.

Sikiliza inavyotokea. Kioo hupita katikati ya raba iliyofunikwa kwa manyoya mafupi. Mchanga ukikaa humo, kioo kinapanda polepole, kinalia, kinasimama. Mota inalazimika kuvuta kwa nguvu, inapata joto, na kinga iliyomo ndani yake inaikatia umeme hadi ipoe. Ndiyo maana kioo kinachokufa saa nane mchana hufufuka jioni na mwenye gari akadai kimejitengeneza.

Kwenye kioo chenye kupanda chenyewe kwa mguso mmoja pana kituko kingine: kinafika karibu na juu, kinaghairi, kinarudi chini. Watu huliona hilo wakasema kompyuta imeharibika. Kompyuta inafanya kazi yake barabara. Imehisi kizuizi, ikadhani ni mkono wa mtu, ikamhurumia. Mkono wenyewe ni garaba, yale mabaki ya miraa.

Chungulia kwenye ule ufa baina ya kioo na mlango wa abiria, upande wa mtafunaji. Utakuta vijiti vya miraa vimesimama wima, majani makavu, kipande cha Big G kilichogeuka jiwe, na maganda ya njugu ya safari ambayo hukualikwa. Vitoe kwa waya mwembamba na subira, kioo kikiwa chini. Halafu piga raba brashi kavu, ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke, kisha inyunyizie silikoni ya kopo. Silikoni, si mafuta ya kupikia, si oili chafu ya injini (utaitoa wapi, nawe huna injini?), na si mafuta ya mkia wa kondoo hata kama babu aliyatumia kwenye bawaba za geti. Mafuta yakikutana na mchanga yanakuwa msasa, na msasa huo utakichora kioo mistari hadi kifanane na ramani ya lagha zote za kaunti.

4. Swichi ya dereva

Ndiyo inayofanya kazi kuliko zote. Kila kizuizi cha polisi inashusha, kila mchuuzi wa maji inashusha, kila jamaa anayetaka kuuliza "hii gari inaweka mafuta wapi?" inashusha. Juu yake humwagika soda, chai ya maziwa ya ngamia, na kila kinachomwagika.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Kioo cha abiria kinakataa ukibonyeza kutoka kwa dereva. Mwambie abiria abonyeze swichi ya mlangoni mwake. Kikipanda, mota ni nzima, waya wake ni mzima, mshukiwa ni swichi kuu. Swichi hufunguliwa, husafishwa kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, na mara nyingi hurudi kazini. Na mficha uchi hazai: mwambie fundi ni soda ya aina gani, asije akakaa saa nzima akitafuta hitilafu ya Kijapani.

3. Waya za bawabani

Fungua mlango utazame baina yake na mwili wa gari. Pana bomba la raba lenye mikunjo, na ndani yake ndimo waya zote za mlango zinamopita. Kila mlango unapofunguliwa zinapinda, na baada ya miaka mingi mmoja hukatika ndani ya ganda lake, nje ukionekana mzima.

Dalili yake ni ya kuchekesha: kioo kinatii mlango ukiwa nusu wazi, kinakataa ukifungwa. Bonyeza swichi huku mwenzako akiusogeza mlango taratibu. Kioo kikishtuka, umempata. Dai waya uunganishwe kwa risasi na kuvikwa ganda linalobana kwa joto. Kusokota na kufunga kwa kipande cha karatasi ya nailoni ni miadi ya kuonana tena mwezi ujao.

2. Mota na regyuleta

Hapa ndipo panapohitaji masikio, na gari la stima linakupa faida ambayo Probox haina: hakuna injini ya kukuziba. Bonyeza swichi usikilize mlangoni. Ukisikia mota inazunguka na kukoroma lakini kioo hakiendi, kebo ya regyuleta (ule mfumo wa kebo na reli unaobeba kioo) imekatika au imetoka kwenye puli. Ukisikia "tik" kisha basi, umeme unafika mahali fulani na mota huenda imekwama. Ukimya mtupu unakurudisha kwenye fyuzi, swichi na waya.

Mbinu ya mitaani ya kuupiga mlango kwa kiganja huku umebonyeza swichi si ushirikina. Mota iliyokwisha brashi za ndani huamka kwa mtikisiko, ikapandisha kioo mara moja au mbili. Itumie kukifunga kioo kabla ya usiku, si kama matibabu.

Kabla ya kung'oa ganda la mlango, chomoa kichwa cha hasi cha betri ndogo, na kioo kifungwe kwa gundi-karatasi pana juu ya fremu kisije kikaanguka kwenye vidole. Spea ikikosekana hapa, wauzaji wa Kirinyaga Road, Nairobi, watakutumia kwa basi. Wapigie picha ya ile ya zamani pamoja na namba iliyochapwa juu yake, na utaje mlango. "Ya Leaf, ya mbele" si maelezo. Leaf ina pande mbili za mbele, na muuzaji atakutumia ile anayotaka iondoke dukani.

1. Betri ndogo

Kinara ni yeye, na anajificha nyuma ya ndugu yake mkubwa.

"Betri haiwezi kuwa mbovu, fundi. Nimeteremka Subuiga sasa hivi, chaji ikawa inapanda."

"Betri ipi, boss?"

Gari la stima lina betri mbili. Ile kubwa chini ya sakafu, yenye zaidi ya volti 350, inazungusha magurudumu na hujirudishia chaji mteremkoni. Lakini vioo, taa, redio, kufuli na hata ubongo wa gari hutegemea betri ndogo ya volti 12 iliyo mbele chini ya boneti, ya risasi na asidi, ya kawaida kabisa. Na jua la hapa huzila betri hizo bila huruma. Ndogo ikichoka, vioo hupanda kwa unyonge, dashibodi inawaka taa za kila rangi, na gari linakataa kuondoka huku likikuonyesha lina chaji asilimia 80.

Chukua mita. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Likiwaka hadi ile taa ya kijani, isome 13 na zaidi, kwa kuwa betri kubwa sasa inailisha ndogo. Ikibaki 12 na kushuka, kile kifaa cha kupunguza umeme kutoka kubwa kwenda ndogo hakifanyi kazi, na hilo pekee katika orodha hii ndilo linalostahili mtu aliyesomea magari haya. Kwake mwachie pia kila waya wenye ganda la rangi ya machungwa. Huo unaua. Hakuna hata mmoja wa rangi hiyo unaokwenda kwenye kioo, kwa hiyo fundi akiugusa, hatafuti kioo tena.

Ukibadilisha betri ndogo, soma saizi iliyoandikwa juu ya ile ya zamani na ununue hiyo hiyo. Kioo huenda kikasahau kupanda kwa mguso mmoja. Usirudi dukani kugombana. Washa gari, funga mlango, teremsha kioo hadi chini, kisha vuta swichi na uishikilie hadi kioo kifike juu, uendelee kuishikilia zaidi ya sekunde tatu. Fanya hivyo kila mlango uliosahau. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, fuata kitabu, mradi umepata wa kukusomea Kijapani.