Umesema Mechi Iliuzwa: Namna ya Kushuka Mnazini

Njoo hapa pembeni, nahodha. Najua ilivyokuwa. Taa za studio zinakuwakia usoni, mtangazaji kakuita gwiji mara tatu, akakuuliza habari za fainali ya zamani, na kabla hujakitua kikombe cha chai ukawa umeshasema: ile mechi iliuzwa. Asubuhi simu haipumui. Jina lako, lililokaa kimya miaka kumi, liko kila mahali. Nawe huna karatasi, huna shahidi, huna hata jina la aliyepokea hela. Uko kileleni mwa mnazi na watu wamejaa chini.

Sikulaumu. Aliyezoea kushangiliwa na uwanja mzima hazoei upesi kusikiliza saa ya ukutani. Lakini tushuke, maana huko juu hukai peke yako. Umepanda na majina ya wenzako kumi mgongoni.

Hatua ya 1. Tenga ulichokiona na ulichokiwaza.

Chukua kalamu, piga mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika uliyoyaona kwa macho. Kulia andika uliyoyawaza baadaye, usiku, usingizi ulipogoma.

Tujaribu na mechi ya kweli. Tarehe 13 Machi 1996, uwanja wa Eden Gardens, Calcutta, nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. India wameshinda kurusha sarafu, na nahodha wao Mohammad Azharuddin anawaachia Sri Lanka wapige kwanza. Sri Lanka wanapata mbio 251. India wanajibu vizuri, wanafika 98 akiwa ametoka mpigaji mmoja tu. Mara uwanja unageuka. Mpira ukidunda unakata kona, Sanath Jayasuriya anawamaliza watatu, na India wanajikuta na mbio 120, wapigaji wanane wameshatoka. Chupa zinarushwa, viti vinachomwa moto, na mwamuzi mkuu Clive Lloyd anawapa Sri Lanka ushindi. Vinod Kambli, ambaye hakuna aliyemtoa, anaondoka uwanjani akilia, gongo mkononi.

Miaka 15 baadaye, Novemba 2011, Kambli alisema hadharani kwamba anaitilia shaka mechi ile: timu ilikuwa imekubaliana kupiga kwanza, naye akashangaa nahodha alipofanya kinyume. Azharuddin alikanusha kwa hasira. Sasa jaza karatasi yetu. Kushoto: makubaliano ya chumbani kama alivyoyakumbuka, uamuzi wa nahodha, machozi. Kulia: hela. Hakuna mahali alipoiona hela. Na Sri Lanka walikuwa wakali wa kufukuzia mbio mashindano yale yote, kwa hiyo kutaka wapige kwanza ilikuwa hesabu ambayo nahodha yeyote angeweza kuipiga. Machozi ya Kambli yalikuwa ya kweli. Nami naamini maumivu yake. Ila maumivu hayawi risiti.

Ukimaliza, soma upande wa kushoto peke yake, kwa sauti. Ukiona umebaki na mistari miwili, karibu hatua ya pili.

Hatua ya 2. Usiseme "siku moja nitayasema yote."

Hii ndiyo njia ya mkato wanayoipenda wengi, kwa sababu inakuweka kwenye habari bila kukudai kitu. Iache. Nakuambia kwa nini.

Fainali ya Kombe la Dunia 2011 ilichezwa Mumbai, uwanja wa Wankhede, tarehe 2 Aprili. Sarafu ilirushwa mara mbili kwa sababu mwamuzi hakusikia jibu. Sri Lanka walikuwa wamebadilisha wachezaji wanne. Walipata mbio 274, India wakazipita wakiwa wametoka wapigaji wanne tu, mpigaji wao Dhoni akamaliza kwa kuupeleka mpira jukwaani. Mwenye shaka ana pa kujishikiza: sarafu mara mbili, wachezaji wanne. Lakini mmoja wa walioachwa, Angelo Mathews, alikuwa majeruhi. Mambo ya kawaida ya timu hugeuka miujiza ukiyatazama kwa jicho la aliyefungwa.

Julai 2017 Arjuna Ranatunga, nahodha aliyewaletea Sri Lanka kombe la 1996, alitaka fainali hiyo ichunguzwe, akasema hawezi kufichua yote kwa sasa ila siku itafika. Gautam Gambhir wa India, aliyepiga mbio 97 kwenye fainali hiyo, akamtaka alete ushahidi. Mwenzake Ashish Nehra akauliza: je, naye akiutilia shaka ushindi wa 1996, itapendeza? Swali hilo lingemuuma nahodha yeyote.

Juni 2020 aliyekuwa waziri wa michezo wa Sri Lanka wakati wa fainali hiyo, Mahindananda Aluthgamage, akasema wazi kwamba mechi iliuzwa. Polisi wakafungua jalada. Aravinda de Silva, mwenyekiti wa wateuzi wa 2011, alihojiwa kwa muda wa saa sita hivi. Kumar Sangakkara, nahodha wa siku ile, alikaa mbele ya wapelelezi karibu saa kumi. Hebu fikiria: mtu amestaafu, ana watoto nyumbani, anaulizwa tangu asubuhi kwa nini alipoteza mechi ambayo bado inamkosesha usingizi. Kesho yake, tarehe 3 Julai, jalada likafungwa kwa kukosa ushahidi.

"Siku moja" ni deni, nahodha, na aliyeketi kiti cha mahojiano si aliyelikopa.

Hatua ya 3. Kama kweli unajua kitu, piga simu kwanza.

Baraza la Kriketi la Kimataifa lina kitengo chake cha kupambana na rushwa tangu mwaka 2000. Kaongee huko. Najua hakuna makofi huko, na makofi unayapenda. Lakini kuna jambo hukuambiwa studioni: mchezaji aliyefuatwa na watu wa kamari akanyamaza, kunyamaza kwenyewe ni kosa. Shakib Al Hasan wa Bangladesh alifungiwa mwaka 2019 kwa kutoripoti. Brendan Taylor wa Zimbabwe aliripoti, ila alichelewa miezi minne, akafungiwa miaka mitatu na nusu. Ukisema hewani kwamba uliyajua tangu zamani, umejishtaki mwenyewe.

Nasi Afrika Mashariki tunajua ushahidi unavyofanana. Kenya walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, tukatembea vifua mbele. Agosti 2004 Maurice Odumbe, aliyewahi kuwa nahodha wao, akafungiwa miaka mitano kwa uhusiano na mtu wa kamari. Alikana, lakini mashahidi walisikilizwa na jaji akatoa uamuzi. Iliuma, ila kulikuwa na kikao.

Hatua ya 4. Ukitaja jina, jua bei yake.

Manoj Prabhakar wa India alisema aliahidiwa hela acheze vibaya, na mwaka 2000 akamtaja mchezaji mwenzake wa zamani, Kapil Dev, kuwa ndiye aliyemwahidi. Kapil akalia kwenye televisheni, nchi nzima ikitazama. Wapelelezi hawakupata ushahidi dhidi ya Kapil. Aliyefungiwa miaka mitano mwishoni mwa mwaka huo ni Prabhakar mwenyewe.

Lalit Modi hakuwa mchezaji, alikuwa kiongozi wa kriketi, ila somo ni lile lile: mistari michache aliyoandika mtandaoni Januari 2010 kumtuhumu mchezaji Chris Cairns kuuza mechi ilimgharimu fidia ya pauni 90,000 mahakamani London.

Hatua ya 5. Omba radhi kwa sauti ile ile.

Kama ulisema kwenye televisheni, rudi kwenye televisheni. Lakini kabla ya hapo mpigie uliyemchafua. Usitume ujumbe. Acha simu iite, acha akutukane kidogo, ana haki. Kisha mbele ya kamera sema hivi: "Nilisema mechi iliuzwa. Sina ushahidi. Nilikosea kusema, na ninawaomba radhi fulani na fulani." Taja majina, kwa sababu uliyataja au uliyaacha yakisiwe. Usitie "kama kuna aliyekwazika." Wapo. Unawajua, mlikula nao meza moja.

Nakuhakikishia utaandikwa tena gazetini, tena kwa picha nzuri.

Hatua ya 6. Mtangazaji atakuita tena.

Nenda, kiti ni chako. Akiuliza habari za usiku ule wa Mumbai, mweleze unachokijua kuliko yeye: namna umande unavyoufanya mpira uteleze mkononi mwa mrushaji. Mweleze jinsi Mahela Jayawardene wa Sri Lanka alivyopiga mbio 103 kwa mipira 88, hakuna aliyemtoa, halafu akakaa akatazama kombe likienda upande wa pili.