Picha Ile ya Chamonix Msiielewe Vibaya

Wapendwa wa Marangu,

 

Tangu niweke kwenye kundi la familia ile picha yenye mlima wa theluji nyuma yangu, naona simu haipumui. Shemeji kaandika "mambo si haba". Katibu wa kamati ya harusi kaja pembeni kuuliza kama ahadi yangu ni ileile au imekua. Kaka, kwa kuwa ni mtu wa mlima, kauliza kuhusu koti tu. Katibu, ahadi ni ileile, na ukiisukuma itapungua. Kaka, koti ni la kuazima, na mwenyewe alishalidai kabla sijashuka kwenye basi.

Mji wenyewe unaitwa Chamonix. Uko Ufaransa, chini ya Mont Blanc, karibu na mipaka ya Uswisi na Italia. Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika hapo mwaka 1924. Wenye nazo huja Februari kuteleza kwenye theluji na Agosti kupanda milima, na bei za vyumba za miezi hiyo siziandiki, Mama Mkubwa ana presha. Lakini katikati kuna Novemba. Majani yamepukutika, theluji ya kutelezea bado haijashuka bondeni, mji umelala. Watu wa Marangu mnaielewa hali hiyo. Ni kama kwetu Aprili, masika inapiga, wagumu, wabeba mizigo wetu wa mlimani, wako shambani na migomba yao, na mgeni pekee unayemwona getini ni yule aliyepunguziwa bei. Huku aliyepunguziwa bei ni mimi.

Nilitoka Lyon kwa basi la bei ya chini, lile ambalo ukikata tiketi mapema unalipa pungufu ya sahani ya chakula mjini. Hosteli nililipia kitanda kimoja katika chumba cha vitanda sita, nikalala peke yangu kama mheshimiwa. Asubuhi nikapewa kadi ya mgeni, ambayo hupewa kila anayelala pale, na kwa kadi hiyo mabasi ya bonde ni bure, pamoja na treni nyekundu inayopanda hadi Vallorcine, jirani na Uswisi. Bure kabisa, jamani. Nilikwenda na kurudi, nikaenda tena bila shughuli yoyote, mpaka mkaguzi wa tiketi akaacha kuniomba kadi akawa ananisalimia tu.

Mtaa mkuu wa maduka nimeutembea wote. Karibu kila mgahawa una karatasi mlangoni: tumefunga, tuonane Desemba. Wengine wamechora na mnazi na jua. Huenda saa hii wako Nungwi wanalalamikia bei ya pweza. Mafundi wanapaka rangi madirishani, redio yao inasikika mtaa mzima. Kwenye kioo cha duka moja la vifaa vya theluji nilikuta sanamu ya kuonyeshea nguo, amevaa kofia ngumu, miwani mikubwa na buti za kutelezea, ila suruali hana. Dada wa duka alikuwa akitafuta saizi kwenye maboksi. Aliponiona nimeganda pale, akamgeuza yule bwana aangalie ukutani.

Sasa Kaka, hapa ndipo utanielewa. Kuna gari la kwenye waya linaloitwa kwa jina la kilele chake, Aiguille du Midi, lipo tangu 1955, linakupandisha mpaka mita 3,777 ukiwa umesimama tu. Najua ukisikia gari la waya damu inakuchemka, tangu 2019 serikali ilipoanza kuzungumzia kuliweka Kilimanjaro na nyie wagumu mkauliza mtabeba nini. Nauli yake kwenda na kurudi inapita euro 70. Nikafika kwenye lango lake nimekunja uso, nikijiandaa kusema kwamba mimi naogopa urefu. Limefungwa! Kila Novemba hufungwa kwa matengenezo. Nilisikitika kwa sauti mbele ya watu, moyoni nikamshukuru Mungu. Msimu ukiwa juu, asiye na hela anajulikana kwa sababu haingii. Novemba haingii mtu yeyote, na sote tunaangalia kufuli moja, mimi na bwana mmoja mwenye saa ya dhahabu.

Kwa hiyo nilipanda kwa miguu, njia za pembeni ya bonde, ambazo hazina geti wala ada ya hifadhi. Siku za mwanzo mlima ulijificha mawinguni, kama ambavyo mzee wetu Kilimanjaro hufanya wageni wakishalipa. Halafu asubuhi moja ukatoka wote, mweupe mpaka macho yanauma. Picha ni ya asubuhi hiyo. Theluji mnayoiona iko mbali nami kwa masaa mengi ya kutembea, na sikuilipia hata senti.

Halafu tusidanganyane kuhusu urefu. Wapima ardhi huupima Mont Blanc kila baada ya miaka miwili, kwa sababu kilele ni theluji na barafu, na upepo unaijenga na kuibomoa. Mwaka 2023 walipata mita 4,805.59, pungufu ya mita mbili na ushee kuliko 2021. Kwetu kinachopungua hivyo ni umri wa wachezaji wa mpira. Mlima wetu ni mita 5,895. Na mji wenyewe uko mita 1,035 tu, wakati Geti la Marangu limepita 1,800. Maana yake nilivyotoka kwetu kuja kwenye milima ya Ulaya, nimeshuka.

Katika uwanja mmoja wa mji kuna sanamu ya wanaume wawili. Mmoja ni Saussure, msomi wa Geneva aliyeahidi zawadi kwa atakayegundua njia ya kufika juu ya Mont Blanc. Mwingine ni Balmat, mtafuta mawe ya fuwele, ananyoosha mkono kuelekea kileleni. Waliofika juu tarehe 8 Agosti 1786 walikuwa Balmat na Daktari Paccard. Saussure alipanda mwaka uliofuata. Sanamu ikawekwa 1887, daktari hayumo. Walikaa hadi 1986 ndipo wakamwekea yake, kando kidogo, amekaa peke yake. Mtaa mkuu angalau una jina lake. Nilisimama pale nikamfikiria Mzee Lauwo wetu, anayetajwa kumwongoza Hans Meyer mwaka 1889, na vitabu vingapi vinavyomaliza safari ile bila kumtaja.

Ila kuna jambo nimewapendea. Waongozaji wa Chamonix waliunda chama chao mwaka 1821, mwaka mmoja baada ya poromoko la theluji kuua wenzao watatu. Wakapanga zamu, kwamba mteja anakwenda na mwongozaji ambaye zamu imemfikia, na wakaweka mfuko wa kusaidia familia za wanaoumia na kufa. Kaka, zamu! Hakuna kujuana, hakuna kumnunulia mtu soda getini ili uitwe. Waeleze wenzako.

Na kuna hadithi nyingine, mketi kwanza. Januari 1966 ndege ya Air India ilianguka Mont Blanc, wakafa wote 117 waliokuwamo. Barafu hushuka polepole na kutema vilivyomezwa. Mwaka 2013 kijana mmoja mpanda milima akakuta humo kisanduku cha zumaridi, yakuti na mawe mengine ya thamani. Akakipeleka polisi. Mwaka 2021, baada ya ndugu wa wenye mali kutopatikana, akapewa nusu, nusu ikabaki kwa mji na kuwekwa kwenye jumba la makumbusho. Mimi Mchagga niliisoma habari hiyo mara mbili nikidhani Kifaransa changu ndicho kina kasoro.

Chakula nacho mnauliza. Mgahawa mmoja ulikuwa wazi, unauza fondue, yaani jibini iliyoyeyushwa mnayochovya mkate kwenye sufuria moja. Inauzwa kuanzia watu wawili, aliye peke yake haandaliwi. Nikarudi hosteli kusonga ugali kwa unga nilioununua Guillotière, mtaa wa Lyon wenye maduka yetu. Mwiko hakuna. Kijiko chao cha plastiki kilipinda mpaka kikatazama nyuma. Vijana wawili wa Kipoland, waliokuja Novemba kwa sababu ileile iliyonileta mimi, wakauliza ni nini, wakakata tonge, wakachovya kwenye samaki wa kopo. Wakakaa kimya. Kisha wakaleta sahani.

Kaka, ukipata viza, njoo Novemba, usithubutu Februari. Buti unazo. Nyama ya kukausha usibebe, forodha ya Ulaya inaizuia. Beba mwiko.

Na Desemba hii sitakuja kuhesabiwa, nauli imepanda kwa sababu Wachagga wote mnarudi kwa wakati mmoja. Mnihesabu nikiwa hukuhuku, na sehemu yangu ya ndafu apewe Mama Mkubwa, bila mafuta.

Wenu,
wa Lyon