Mfumo Unasumbua
Karani wa korosho wa Mnero, pikipiki ikimsumbua, humpa fundi maelezo kamili: "Ikishapata moto, nikibeba mzigo, gia ya tatu inachomoka. Bila mzigo, haichomoki." Fundi anajua pa kufungua kabla hajagusa spana. Hongera karani.

Tangu msimu wa 2024 korosho zinanadiwa kidijitali kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), kwa hiyo naye ana programu. Ikikwama, humwandikia mtengenezaji: "Mfumo unasumbua. Fanyeni haraka." Basi. Alibonyeza wapi, kilo aliziandika kwa nukta au kwa koma, maandishi mekundu yalisemaje, hiyo ni siri ya ukoo. Picha katuma, tena mbili: jua kwenye kioo, na kidole gumba chake. Mtengenezaji, muungwana mwenzake, anajibu: "Mbona kwangu inafanya kazi?"