Hoja na Kiti Chake

Nikipita dukani sasa hivi watoto wananiita Mheshimiwa Kiti, na aliyewafundisha namjua. Jumamosi iliyopita tulikuwa na mkutano na diwani, huku pande za Mbweni. Mtaa siutaji, maana wenyewe wanajijua na wengi wao bado wanacheka. Diwani alimaliza taarifa yake, akasema sasa ni zamu ya wananchi. Nikanyoosha mkono, nikasimama. Kiti nacho kikasimama.

Hili lazima nilieleze vizuri, kwa sababu limeanza kusimuliwa vingine, eti mimi mnene. Viti vilikuwa vya kukodi, vile vya plastiki vyenye mikono, mgongoni vimeandikwa herufi mbili za mwenye mali kwa rangi nyekundu ili visipotelee msibani. Kiti cha namna hiyo kimetengenezwa kwa ajili ya sakafu, na huku kwetu ni mchanga wa pwani. Ukikaa, miguu inazama, tena haizami sawasawa. Ya nyuma hutangulia. Inavyozama ndivyo inavyotanuka, pale pa kukalia panabonyea, na mikono miwili inalala kwa ndani kidogo kidogo, wala huisikii. Taarifa ya robo mwaka nayo si fupi. Diwani alianza na madarasa, akaja kwenye uzoaji wa taka, akaingia kwenye mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata, sasa vikundi vijisajili, vifungue akaunti. Wazee wa kiume wasio na ulemavu hatumo. Muda wote huo kiti kinanichukua vipimo.

Nilipoinuka kilikuwa kimeshanikamata nyonga zote mbili. Nikabaki nimeinama nusu, miguu minne ya plastiki ikiwatazama akina mama wa safu ya nyuma. Turubai zima likanyamaza kidogo, kwa heshima nadhani, halafu likapasuka kwa kicheko. "Mzee wangu, tunakusikia," akasema diwani, "ila weka kiti chini kwanza." Spika zilikuwa zile za harusini, kwa hiyo maneno yake yalifika hadi kijiwe cha bodaboda, na bodaboda wakaja kujionea. Vijana wawili wakajitolea. Mmoja akashika miguu ya kiti, mwingine akanishika kwapani, wakavuta kama wanang'oa muhogo, huku wa tatu, ambaye hakushika chochote, akitoa maelekezo: "Mgeuzeni! Mgeuzeni kwanza!" Mama mmoja akapendekeza sabuni ya maji. Kiti kikatoka kwa mlio ambao sitauelezea, na ambao maiki ya maswali iliudaka, kwa kuwa yule kijana wa maiki alishanifikia na alikuwa ameiwasha.

Swali langu nililiandaa vizuri, lina utangulizi, lina methali. Likawa limepotea lote. Nikasema, "Barabara."

Diwani akashukuru kwa swali zuri.

Jibu lake lilinikamata kuliko kile kiti. Mimi nilidhani diwani ni mwenye barabara. Kumbe barabara ya Bagamoyo, ile ya lami tunayotokea, ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na hizi zetu za mitaani, tangu Julai 2017, ziko chini ya wakala mwingine, TARURA. Diwani anaweza kuomba, kukumbusha, kufuatilia na kuja kutuambia alivyofuatilia. Kuamuru greda hawezi.

Nikaanza kufuatilia safari ya shimo la barabara yetu, na nakuambia shimo lina vikao kuliko ndoa. Linaibuliwa kwenye mkutano wa mtaa, ambako linashindana na mtaro, maji na taa. Likishinda linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake diwani, katibu wake mtendaji wa kata, na huko linakutana na mashimo ya mitaa mingine, yenye wasemaji wao. Likivuka hapo linafika kwa madiwani wote wa halmashauri yetu, Kinondoni. Kuna pia Bodi ya Barabara ya Mkoa, kuna ofisi ya TAMISEMI kule Dodoma, halafu Bunge, ambalo huanza kujadili bajeti Aprili, katikati ya masika, wakati shimo lenyewe halionekani kwa maji. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Hapo ndipo fedha isubiriwe, zabuni itangazwe, mkandarasi apatikane. Na kilichonifurahisha zaidi: fungu kubwa la matengenezo linatoka Mfuko wa Barabara, na mfuko huo unajazwa hasa na tozo ya mafuta. Bodaboda akilizunguka shimo anaunguza mafuta zaidi, na kila lita ina tozo yake. Shimo linajichangia lenyewe.

Ukiona mzunguko huo unaweza kusema halmashauri zifutwe tu. Nchi hii iliwahi kuzifuta kabisa, miaka ya 1970, mambo yote yakapelekwa kwa watumishi wa serikali kuu mikoani. Ilishindikana, na sheria za mwaka 1982 zikazirudisha. Nikaona basi, kama zilirudishwa ni kwa sababu zinahitajika.

Lakini mimi ni mpangaji, na hapo kicheko kinaniisha. Kodi ya majengo zamani ilikusanywa na halmashauri yenyewe, baadaye ikahamishiwa mamlaka ya mapato, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Mwenye kudaiwa ni mwenye nyumba. Mwenye kununua umeme ni mimi. Kila mwezi nalipia ukuta usio wangu, kwa fedha inayokatwa kwenye mita, halafu nikitaka kuuliza inafanya nini napelekwa kwa diwani. Barabara imehamishwa, kodi imehamishwa, kilichobaki mkononi mwake ni maiki. Wenye fedha na greda hawajawahi kukaa chini ya turubai letu wakaulizwa na mtu mwenye tope hadi magotini. Masika yaliyopita jirani yangu alishikwa na uchungu usiku, bajaji zikagoma kuingia, tukamlaza kwenye mkokoteni wa muuza maji, juu ya godoro, tukamsukuma hadi kwenye lami. Alijifungua salama. Mkokoteni ule tulilipia, tena bei ya usiku.

Mengine yaliyonipata wiki hii ni madogo. Msibani niliwekewa benchi peke yangu, kwa adabu nyingi. Mwenye viti amepita nyumbani kudai mkono mmoja umepata ufa. Mke wangu anasema hakuwepo mkutanoni, na nilimwona.

Jumatatu akapiga simu mwenye nyumba. Nilifurahi, kwa kuwa nilishamwandikia ujumbe nikiomba makato ya LUKU yatolewe kwenye kodi ya pango, na nikajua amekaa akafikiri. Akanisalimia vizuri, akaulizia watoto, akanipa pole ya kiti. Kisha akasema amesikia diwani katangaza kwamba barabara yetu imeingizwa kwenye mpango, na nyumba iliyo barabarani haiwezi kuwa na bei ya nyumba iliyo porini, kwa hiyo mkataba ukiisha kodi inapanda.

Nikamuuliza, hiyo barabara inakuja lini?

"Aa, hilo muulize diwani," akasema.