Mhadhara wa Neno la Herufi Tatu

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana, nanyi vijana mliofuata soda: tulieni. Aliyesimama mbele yenu ni bingwa wa kitenzi cha Kiingereza 'get'. Ubingwa huu sikutunukiwa na chuo chochote. Kingenitunuku vipi, na wa kunitahini hajazaliwa?

Shuleni mlifundishwa kwamba 'get' ni kupata. Mkaandika, mkapigia mstari, mkaenda zenu kucheza mpira. Masikini! Mwingereza akipokea barua, 'get'. Akifika nyumbani, 'get'. Akichoka, akiloa, akioa, 'get'. Akiuelewa mzaha kesho yake, bado ni 'get'. Kibandike kijineno nyuma ndipo utajua hujui: 'get up', kaamka, 'get away', mwizi katoroka, 'get over', kapona homa, au kamsahau mchumba. Na 'get lost' si dua ya kupotea njia, ni kufukuzwa. Niliambiwa hivyo na bwana mmoja mlangoni pa ofisi yake. Nikamshukuru, nikamwuliza nipotelee upande gani.

Sasa asili. Kalamu juu! Neno hili Waingereza wamelikopa. Waviking, mabaharia wa Skandinavia, waliivamia monasteri ya Lindisfarne mwaka 793. Waliowafuata wakaona kupora tu hakutoshi, wakalowea, wakalima, wakaoa. Kwao kupata ni 'geta', na kupata mtoto ni 'geta' hiyohiyo. Karne ya 13 ikawakuta Waingereza wanalitamka kama la babu yao. Ila 'forget', yaani kusahau, ambalo ni la ukoo huohuo, walikuwa nalo tangu kale. Kusahau walijua wenyewe. Kupata wakangoja wageni!

Hapa huwa natua mpige makofi. Asanteni. Wewe wa dirishani, nimekuona.

Mmarekani naye husema 'gotten', na Mwingereza wa leo humkunjia uso, ilhali neno lilipanda meli kutoka kwake mwenyewe. Hilo tuliache, wanandugu watamalizana.

Ninachotaka mwondoke nacho ni huzuni yangu juu ya Kiswahili. Lugha tamu, sikatai, lakini kitenzi chetu cha kupata ni kikavu. Kupata ni kupata, basi. Hakina kona, hakina siri. Mimi nimekimaliza kukichunguza kwa dakika kumi, nikiwa kwenye foleni ya maji.

Naona mama yule wa nyuma, anayemenya vitunguu vya harusi ya jioni, amenyoosha mkono. Sema, mama, usiogope elimu.

Nini? Kisu chako hakipati?

Hakipati nini, mama? Malizia sentensi. Kitenzi hicho kinataka kitu cha kupatwa: pesa, kazi, mtoto.

Hakipati tu?

Mwenyekiti, mbona na wewe unacheka?