Adabu za Mgeni wa Nyangwe

Ninyi mnaoishi ughaibuni na kulalamika kwamba desturi za wenyeji hazizoeleki, chukueni somo kwa waungwana wa pwani waliohamia Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, Kongo, karne ya 19. Hawakumsumbua mtu awafundishe lugha. Walikuja na Kiswahili chao, wenyeji wakakijua. Walikuja na mpunga wao, wenyeji wakaulima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na waungwana hawa waliwaponya wengi hata adha ya kukaa kwao: waliwasafirisha mbali, bila nauli, na minyororo juu yake.

Wala msiseme walijitenga. Sokoni walikwenda! Soko la Nyangwe lilikuwa la akina mama hasa, wengi wakivuka mto kwa mitumbwi na bidhaa zao. Tarehe 15 Julai 1871, mmisionari David Livingstone akiwapo, watu wa mfanyabiashara Dugumbe, mmoja wa waungwana hao, waliingia sokoni na bunduki. Mmoja akabishania bei ya kuku, maana kupatana bei ni mila ya soko, na mgeni mwema huifuata. Bei ilipogoma, bunduki zikasaidia mazungumzo. Waarabu hao wa pwani wenyewe walikadiria waliokufa, kwa risasi na kwa maji, kuwa kati ya 330 na 400.

Mwaka 1893 majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliwafukuza Nyangwe wageni hao wasumbufu, ili wenyeji wapate wageni wastaarabu zaidi.