Ushahidi wa Fungate

Barua ilimfikia mume wangu Columbus, Ohio, mwezi wa Februari 2023. Aliipiga picha, akanitumia kwa WhatsApp bila neno hata moja. Ndivyo alivyo, jambo likiwa zito hunyamaza. Nilikuwa nimeketi barazani kwetu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nikiikuza ile picha kwa vidole viwili na kuisoma mstari kwa mstari. Idara ya uhamiaji ya Marekani ilikuwa inaeleza, kwa adabu kabisa, kwamba haijatosheka kuwa mimi ni mke wa mtu.

Kisa kilikuwa ni harusi yetu wenyewe. Niliozwa kama alivyoozwa mama yangu, na bibi yangu kabla yake. Ilikuwa Desemba 2021, baada ya Alasiri. Mume wangu alikuwa msikitini na mashahidi, baba yangu ndiye walii. Mimi nilikuwa nyumbani, mtaa wa pili, nimejitanda leso, piko haijakauka vizuri vidoleni, nasikiliza vigelegele vya wanawake vinipe habari kwamba nimeshakuwa mke. Baadaye bwana akaletwa kutoa mkono. Aliingia chumbani, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akasoma dua. Kutoka hapo tukakaa fungate, siku saba, kwa mama yangu. Kwetu sisi hakuna ndoa iliyotimia kuliko hiyo.

Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 ina kifungu kinachosema kwamba neno mke au mume halimhusu aliyefunga ndoa bila wawili hao kuwapo pamoja, ana kwa ana, wakati wa kufungishwa, isipokuwa kama baadaye walikutana kimwili. Kifungu hicho kina mizizi ya zamani. Mwanzoni mwa karne iliyopita wanawake wengi wa Kijapani na Kikorea waliozwa kwa picha kwa wanaume waliokuwa Marekani, bibi arusi akiwa bara moja na bwana bara jingine, na sheria ya 1924 ikakataa kabisa kuwatambua kama wake. Mimi sikuozwa kwa picha. Mume wangu alikuwa hatua mia mbili kutoka nilipoketi. Ila karatasi haijui urefu wa mitaa ya Mombasa, inajua tu kwamba mmoja alikuwa msikitini na mwengine nyumbani.

Na picha tulizopeleka ndizo zilizotuponza. Tulikuwa tumezituma kwa fahari, pamoja na cheti cha ndoa na dola 535 za ada ya ombi lake la kuniita Marekani. Zilikuwa picha 41 za mume wangu na kanzu na joho, kazungukwa na wajomba na maimamu, mimi simo hata kwenye moja. Za kwangu zilikuwa tatu, nimekaa peke yangu. Usiku wa kupamba, mama aliweka kikapu mlangoni mwa ukumbi na kila mwanamke akatia simu yake humo kabla ya kuingia, kwa sababu ndani tulivua mabuibui. Sijutii kile kikapu. Lakini afisa aliyefungua faili letu aliona harusi mbili za watu wawili wasiojuana.

Tulipewa siku 87 za kujibu. Mume wangu alipiga simu usiku, akitoka zamu ya ghalani. "Tafuta chochote," akaniambia, "chochote kilichotuweka pahali pamoja baada ya nikahi." Pasipoti yake ilikuwa na mihuri ya uwanja wa ndege wa Moi, kuingia na kutoka. Mihuri ile ilithibitisha kwamba alikuwa Mombasa. Haikusema alilala wapi.

Hapo ndipo nilipokumbuka usafi wa Shaabani. Mwaka uliotangulia, kabla ya Ramadhani, niliipindua nyumba nzima ya mama mkwe, maana nilikuwa nimehamia kwake na nilitaka aone kwamba mkaza mwana wake si mvivu. Makabati niliyatoa nje, mapazia nikayafua, na karatasi zote zilizojaa kwenye kijaluba cha chumbani nikazichoma uani pamoja na makumbi ya nazi. Risiti za duka la samani, kadi za waliotutunza, orodha ya vyakula vya fungate kwa hati ya mume wangu, vyote vikawa jivu. Nililia nilipoyakumbuka makumbi yale.

Zilisalia tikiti mbili za treni. Baada ya fungate tulikwenda Nairobi kwa SGR kumwamkia mjomba wake, na tikiti za SGR zina jina na nambari ya kitambulisho. Nilikuwa nimezibana nyuma ya kioo cha meza ya kujipambia, kama kumbukumbu. Nikakimbia kuzitoa. Zilikuwa nyeupe pande zote mbili. Karatasi zile huchapwa kwa joto, na joto la chumba kile cha dari la mabati lilikuwa limeyafuta maandishi yote. Nilizigeuza mbele ya taa, nikaona kivuli cha herufi mbili za mwanzo wa jina lake tu.

Wakili tuliyemwendea alisema kuna njia ya hati ya kiapo. Mtu aliyeshuhudia kwa macho yake aeleze aliyoyaona, aandike jina lake kamili, anwani, tarehe na mahali alipozaliwa, na jinsi anavyotujua. Nilijua papo hapo kwamba mtu huyo ni mmoja tu duniani, naye ni somo yangu.

Msomaji asiyetoka pwani ajue somo ni nani. Ndiye aliyenikalisha ndani nilipovunja ungo, ndiye aliyenifunza unyumba, ndiye aliyekaa mlango wa pili siku zote saba za fungate kutuhudumia. Nilimwendea na halua na kahawa. Nilipomweleza, aliweka kikombe chini.

"Mwari wangu," akasema, "la kwanza n'lokufunza ni kwamba ya chumbani hufa chumbani. Leo waniambia nikayaseme kwa wakili?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwamba enzi zao ushahidi ulikuwa kisarawanda, nguo ya kuthibitisha ubikira wa bibi arusi, nayo ilionyeshwa kina mama wawili watatu, ikakunjwa, basi. Mimi sikuisikitikia ada hiyo kufifia, wanawake wengi iliwatia hofu isiyo na maana. Ila pale kwenye mkeka wa somo niliona uchungu kwamba ofisi iliyo ng'ambo ya bahari inauliza lile ambalo mama yangu mwenyewe hakuthubutu kuniuliza.

Somo alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alinijia mwenyewe, kavaa buibui jipya. "Sitasema mliyoyafanya," akasema. "Nitasema n'loyaona mimi."

Tulikwenda kwa wakili. Akasimulia naye karani akaandika: kwamba kila asubuhi kwa siku saba alichukua sinia moja yenye mahamri, supu na chai ya maziwa, vikombe viwili, kwamba alibisha mlango, na mlango ukafunguliwa na bwana, kwamba bibi arusi alikuwa ndani, kwamba sinia ilirudi tupu, kwamba chumba kilikuwa kimoja na mlango mmoja, na yeye alilala ukumbini mbele ya mlango huo. Hakuongeza neno. Nimesoma makala nyingi za kutetea heshima ya wanawake wa pwani, lakini sijaiona ikitetewa vizuri kuliko katika ule ukurasa mmoja.

Karani alipomuuliza tarehe ya kuzaliwa, alijibu mwaka wa mafuriko makubwa, kabla ya Uhuru. Kitambulisho chake kikasema 1961. Alipopewa kalamu atie sahihi, aliandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia, kama alivyofunzwa chuoni na kama alivyoandika barua zake zote za Kiswahili maisha yake. Karani alitaka atie dole gumba badala yake. Somo akamtazama mpaka akauvuta mkono wake. Binamu yangu aliyeifasiri hati kwa Kiingereza, na kuthibitisha kwa sahihi yake kwamba anazijua lugha zote mbili, alilazimika kuongeza mstari wa kueleza sahihi ile ya herufi za Kiarabu.

Tulidhani tumemaliza, mpaka mama mkwe aliposikia. Alikuwa amenyamaza wiki zote hizo, nami nikadhani ameudhika na mambo haya ya kuanikwa hadharani. Aliingia chumbani kwake, akatoka na bati la biskuti lenye kutu kwenye kingo. Ndani mlikuwa na kila karatasi aliyoigusa mwanawe katika likizo ile, na mimi sikujua. Kumbe mimi nilipokuwa nikisafisha, yeye alikuwa ameshatangulia kuokota.

Siku ya tano ya fungate mume wangu alishikwa na malaria. Alikuwa amekaa Marekani miaka minane na mbu wetu wakampokea vizuri. Tulimpeleka hospitali saa sita za usiku kwa tuktuk, mimi na mahari yangu ya dhahabu mikononi. Kwenye bati lile mlikuwa na bahasha ndogo ya kaki ya dawa, imeandikwa jina lake na "4 x 2", na chini yake nakala ya fomu ya kupokelewa. Mahali pa jamaa wa karibu palikuwa na jina langu, pa uhusiano palikuwa na neno "mke", na chini sahihi yangu, na muhuri wenye tarehe. Mama mkwe alikuwa ameihifadhi kwa sababu ni karatasi ya ugonjwa wa mwanawe, si kwa sababu nyengine yoyote. Niliibusu mikono yake.

Majibu yalikwenda kabla ya siku 87 kwisha, na miezi minne baadaye ombi likakubaliwa. Yaliyofuata ni ya kila mtu: faili likahamia kituo cha viza cha Portsmouth, New Hampshire, tukalipa dola 325 na dola 120, mume wangu akaonyesha mshahara unaofikia asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani, nami nikapigwa chapa vidole vyote kumi kwa ajili ya cheti cha tabia njema, nikachanjwa, nikapigwa eksirei ya kifua.

Februari 2024 nilisimama mbele ya dirisha la ubalozi Gigiri, Nairobi. Afisa alipekua faili akasimama kwenye ile hati yenye sahihi ya Kiarabu. Akauliza huyu mama ni nani kwangu. Nikasema ni somo yangu. Akauliza somo ni nini, nikamweleza yote, tangu kuvunja ungo hadi sinia ya asubuhi. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniambia viza imekubaliwa. Kwa kuwa ndoa ilikuwa imepita miaka miwili, nilipewa ile ya mke isiyo na masharti, yenye kadi ya miaka kumi.

Ninyi mnaooza mabinti zenu kwa vijana wa ng'ambo, nikahi iacheni msikitini ilipo, na simu ziacheni kikapuni. Lakini bwana akishatoa mkono, muiteni dada mmoja mwenye simu awapige picha wakiwa wameketi pamoja. Na karatasi yoyote itakayotoka siku zile saba, hata ya dawa, mpeni mama mkwe aiweke.